Baiskeli ya injini inamisi: usianze kwa kununua CDI

SWALI: Shikamoo fundi. Nina baiskeli ya Phoenix niliyoifunga injini ya Kichina ya cc 80, ile ya kuchanganya petroli na oili. Naishi Iringa. Kwenye tambarare ikishika mwendo inaanza kumisi, inatetemeka kama inataka kuzima, kisha inashika tena. Nikipanda kutoka Ipogolo kwenda mjini inakosa nguvu kabisa mpaka nisaidie kwa pedeli. Plagi nikiifungua ni nyeusi na ina mafutamafuta. Mchanganyiko wangu ni moja kwa kumi na sita, kama karatasi iliyokuja na injini ilivyoelekeza. Fundi wa hapa mtaani ameniambia ninunue CDI ya mbio (kile kisanduku kinachotuma umeme wa cheche kwenye plagi), eksozi ya tumbo na hedi (kifuniko cha silinda) ya kubana zaidi. Karibuni nahamia Morogoro kikazi na nataka kwenda nayo. Pesa haitoshi vyote. Nianze na kipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Katika vile vitatu ulivyotajiwa, usinunue hata kimoja kwa sasa. Kila dalili uliyoandika, yaani kumisi ukishika mwendo, plagi nyeusi yenye unyevu, na kuchoka mlimani ukiwa mji wa juu kama Iringa, inaelekeza kwenye kabureta kuliko kwenye moto wa plagi. Injini yako inakunywa mafuta kuliko hewa inayoipata. CDI ya bei yoyote haitaponya hilo. Utabaki na injini inayomisi na mfuko mtupu.

Kwanza uijue injini yenyewe. Inaitwa cc 80 sokoni, lakini silinda yake ina kipenyo cha milimita 47, na pistoni inapanda na kushuka milimita 38 au 40 kutegemea toleo. Piga hesabu utapata cc 66 au 69. Ndogo yake, inayouzwa kwa jina la cc 50, nayo iko karibu na 48. Ni injini rahisi sana: haina valvu, haina pampu ya oili, na pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga matundu ya kuingiza na kutoa. Watu wengine watakucheka na kukuambia uachane na kibaiskeli ununue pikipiki. Wasikuvunje moyo. Soichiro Honda alianza hivyohivyo mjini Hamamatsu mwaka 1946, akifunga kwenye baiskeli injini ndogo zilizobaki za jenereta za redio za jeshi la Japani. Kitu chenyewe ni cha heshima kikitunzwa.

Kwa nini inazidisha mafuta? Jeti ya kabureta hizi, yaani kipande chenye tundu dogo linalopitisha petroli, hutobolewa kiwandani ikiwa kubwa makusudi, ili mteja asiyejua asichome injini siku za mwanzo. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni Iringa yenyewe. Mji wako uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho mgandamizo wa hewa umeshuka hadi asilimia 83 hivi ya ile ya Dar es Salaam. Jeti inaendelea kumimina petroli karibu kama ingekuwa pwani, lakini hewa ya kuichoma imepungua. Kwa hiyo mchanganyiko uliokuwa mzito kidogo tangu kiwandani unakuwa mzito mno. Injini ya mapigo mawili kama hii yako ikishiba mafuta hivyo huruka moto: inachoma mzunguko mmoja, unaofuata unapita bila kuwaka. Ndiyo ile sauti ya kukwaruzakwaruza unayoisikia ukishika mwendo, na ndiyo ambayo mafundi wengi huisingizia CDI.

Usiniamini kwa maneno tu. Fanya jaribio hili, halina gharama. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, injini iwe imepata moto vizuri. Vuta mafuta yote mpaka ianze kumisi, halafu funga koki ya tangi huku unaendelea kwenda. Bakuli la kabureta litaanza kupungua, mafuta yanayoingia yatapungua nayo. Kama sekunde chache kabla ya kuzima injini inatulia, sauti inanyooka na baiskeli inavuta kwa nguvu usiyoizoea, basi jibu umelipata: mafuta yalikuwa mengi. Kama inazidi kuwa mbaya moja kwa moja, tatizo liko kwingine, na sehemu ya umeme hapa chini itakuhusu zaidi.

Tuseme jaribio limethibitisha. Fungua kifuniko cha juu cha kabureta, toa kile kipande cha mviringo kinachopanda ukivuta mafuta. Ndani yake kuna sindano, na kwenye shingo ya sindano kuna klipu ndogo inayokaa kwenye kimojawapo cha vifuo vinne, yaani mikato midogo ya kushikia klipu. Klipu ikipandishwa kifuo kimoja, sindano inashuka na kupunguza mafuta. Ikiteremshwa, sindano inapanda na kuongeza. Pandisha kifuo kimoja tu, rudisha, jaribu. Sindano inatawala mwendo wa katikati, yaani kuanzia robo hadi robo tatu ya mkono wa mafuta. Ukivuta hadi mwisho, anayetawala ni jeti kuu iliyo chini kwenye bakuli.

Jeti ndogo za kabureta hii si rahisi kuzipata madukani kwetu, ila njia ipo. Jeti ya zamani huzibwa kwa risasi ya kuchomelea, kisha ikatobolewa upya kwa kijino chembamba cha kutobolea. Mara nyingi utaikuta na tundu la karibu milimita 0.70 au zaidi kidogo. Shuka kwa hatua ya milimita 0.05, usiruke. Kutoka 0.70 kwenda 0.65 kunaonekana si kitu, lakini eneo la tundu limepungua kwa karibu asilimia 14, na hiyo kwa injini ni hatua kubwa. Toboa kwa mkono, si kwa drili ya umeme, na usiwahi kuanza na tundu dogo ukidhani utalipanua baadaye. Mafuta yakizidi, injini inakera tu. Yakipungua, inapata joto kali, pistoni inavimba na kukamata, na hapo imenoki.

Kipimo chako cha mwisho ni rangi ya plagi, lakini isome inavyotakiwa. Endesha kwa mafuta yote umbali wa kama nusu kilomita, kisha kwa wakati mmoja bonyeza klachi na uzime injini. Usiiache ingurume taratibu ukirudi nyumbani, maana plagi itajipaka masizi ya kunguruma na itakudanganya. Ifungue palepale. Kahawia ya chai ya maziwa ndiyo unayoitaka. Nyeusi, bado punguza. Nyeupe kama chokaa, rudi nyuma haraka kabla hujaunguza kitu.

Sasa oili. Moja kwa kumi na sita ni ya siku za kulainisha injini mpya, na yako siku hizo zimepita. Nenda moja kwa ishirini na tano, yaani mililita 40 kwa kila lita ya petroli. Ukishaizoea injini na ukiwa na oili nzuri, unaweza kwenda moja kwa thelathini na mbili, ambayo ni mililita 31. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa upimie. Mambo ya kifuniko cha chupa hayana uhakika, vifuniko havilingani. Kwenye chupa tafuta maandishi JASO FC au FD. Oili ya injini ya gari usiithubutu. Ile yenye alama TC-W3, inayouzwa kwa injini za boti, nayo si yako, kwani imetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji, na yako inapozwa kwa upepo. Na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: ukipunguza oili, nafasi yake inachukuliwa na petroli, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito kidogo zaidi kwa jeti ileile. Badilisha oili kwanza, ndipo urekebishe sindano na jeti. Ukianza na jeti utaifanya kazi mara mbili.

Tukifika hapo, umeme wenyewe. Sisemi moto wa injini hizi ni mzuri unavyokuja. Una kasoro zake, ila kasoro hizo ziko kwenye vitu vya bei ndogo. Plagi ya kiwandani ni ya kuitoa. Weka NGK B6HS, inayotosha kwa shughuli zako. Ukija kuongeza nguvu ya injini siku za usoni utahamia B7HS, kwa sababu kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka. Pengo la ncha zake liweke milimita 0.6 hadi 0.7 ukitumia fila geji, yaani vibati vya kupimia mapengo. Na hapa sikiliza kwa makini ukiwa dukani: mwenye duka asipokuwa nayo anaweza kukupa B6ES akakuambia ni ileile. Si ileile. Uzi wa zote mbili ni milimita 14 kwa unene na itaingia bila shida, lakini B6HS ina urefu wa uzi milimita 12.7 na B6ES ina milimita 19. Ile ndefu itaingia ndani ya chumba cha moto na pistoni itaigonga. Plagi za bodaboda kama D8EA na C7HSA zenyewe hazitashika hata uzi, ni nyembamba.

Baada ya plagi, waya wake. Ule mweusi unaotoka kwenye CDI mara nyingi ni mwembamba, na kofia ya plagi iliyo mwisho wake inalegea kwa mtikisiko. Kwenye CDI nyingi za aina hii waya umefungwa kwa skrubu ndani, ukiuzungusha kinyume cha saa unatoka. Weka waya wa milimita 7 wenye kiini cha shaba, ukatishe mpya upande wa plagi, na utie kofia nzuri ya pikipiki. Kazi ya muda mfupi, na mimi naiona ndiyo pesa bora kuliko zote utakazotoa upande wa moto.

Kisha fuatilia nyaya za magneti, yaani sehemu ya injini inayozalisha umeme wa cheche. Kutoka kwenye injini zinatoka tatu: bluu, nyeusi na nyeupe. Bluu na nyeusi ndizo zinazokwenda CDI. Nyeupe iliwekwa kwa ajili ya taa, na watu huiunganisha wakashangaa injini inakosa moto. Koili ni hiyohiyo moja. Kila unachokichota kwa taa umeipunguzia plagi. Izibe ncha kwa tepu uiache. Taa zako zitumie betri ya kuchaji au dainamo ya baiskeli. Viungo vya bluu na nyeusi vinavyokuja na injini ni vile vya kuchomeka, vinavyolegea na kuingia vumbi. Vikate, choma kwa risasi, funika kwa mpira wa kusinyaa. Waya za swichi ya kuzimia zikague pia, hasa zinapopita kwenye usukani: ganda likichubuka na kugusa chuma unapata kumisi kwa kuja na kuondoka, ugonjwa unaosumbua kuliko yote kwa sababu ukisimama kuutafuta haupo. Njia ya kuuthibitisha ni kuchomoa swichi kabisa na kuendesha kidogo bila hiyo, huku ukijua utazimia kwa kuziba hewa ya kabureta.

Mita ya ohm itakumalizia ubishi. Tenganisha CDI, pima kati ya bluu na nyeusi zinazotoka kwenye injini. Koili nzima itaonyesha takriban ohm 300 hadi 400. Ikisoma sifuri imeungana ndani, isiposoma kitu imekatika, na katika hali zote mbili unanunua koili ya magneti, si CDI. Ukiwa umefungua kifuniko cha magneti, angalia kama ndani kuna unyevu wa mafuta. Upo? Sili ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) upande huo imechoka. Hiyo si kasoro ya uchafu tu: panapotoka mafuta ndipo hewa inapoingia, na hewa ya wizi hukausha mchanganyiko bila wewe kugusa kabureta.

CDI yenyewe haipimiki kwa mita ya kawaida. Unaijaribu kwa kuazima nyingine ya aina hiyohiyo na kuona tofauti. Na usipende ile tabia ya kuchomoa kofia ya plagi injini ikiwa inawaka ili kuona moto. Umeme ukikosa pa kwenda unarudi kuchoma CDI, na wewe utapigwa shoti. Ukitaka kuona moto, toa plagi, ivalishe kofia, gusisha chuma chake kwenye injini mbali na tundu, mwenzako asukume baiskeli. Ukiona cheche ya bluu inayosikika ikidata, moto unao. CDI yako pia ichunguze ilipofungwa. Nyingi hufungwa karibu na silinda au kwenye bomba la fremu linalopata moto, na joto ndilo linaloziua. Isogeze juu, ipate upepo, isielekee kwenye matope.

Hiyo CDI ya mbio inafanya nini basi? Cheche haitakiwi kuruka wakati uleule kwa kila mwendo. Injini ikizunguka polepole inataka cheche itangulie kiasi fulani kabla pistoni haijafika juu. Ikizunguka kwa kasi kubwa, injini ya mapigo mawili inataka cheche irudishwe nyuma kidogo ili isijigonge kwa joto. CDI nzuri imepangiwa mabadiliko hayo. Faida yake inaonekana kwa injini iliyofunguliwa ikazunguka juu ya mizunguko 6,000 kwa dakika na zaidi. Yako, na eksozi ya kiwandani, haifiki huko kwa raha. Kwa hiyo CDI ya mbio inakuja baada ya eksozi, na eksozi inakuja baada ya kabureta.

Eksozi ya tumbo ni kitu kizuri sana, na ndiyo kifaa kimoja kinachoongeza nguvu kuliko vyote kwenye injini hizi. Lakini uelewe inavyofanya kazi. Moshi ukitoka unasafiri na wimbi la mgandamizo. Wimbi likifika pale bomba linapopanuka, linarudisha mvuto unaosaidia kuifagia silinda. Likifika pale linapobanwa tena, linarudisha msukumo unaozuia mafuta mabichi yasitoroke na moshi. Ni kama mtu wa mlangoni anayemtoa mgeni na kumrudisha mtoto ndani kwa mkono uleule. Mambo hayo yote yanategemea wimbi lifike kwa wakati, na wakati huo unaamuliwa na urefu wa bomba na kasi ya injini. Bomba lililopangwa kwa mizunguko 7,000 litakupa raha ukiwa huko, na chini yake linaweza kukunyima hata nguvu uliyokuwa nayo. Wewe unapanda kutoka Ipogolo kwa mwendo wa polepole. Eksozi fupi ya mbio itakufanya upige pedeli zaidi. Ukija kununua, tafuta ndefu, na ujue siku utakayoifunga jeti itataka kuongezwa tena.

Mlima unaukabili kwa meno ya sproketi. Ndani ya injini gia ndogo ina meno 20 na kubwa 82, sproketi ya mbele ina 10, na ya nyuma kwa kawaida ina 44. Ukizidisha, injini inazunguka mara 18 ili tairi lizunguke mara moja. Kwa tairi la Phoenix la 28, injini ikiwa mizunguko 5,000 unakwenda karibu kilomita 37 kwa saa. Ukiweka sproketi ya meno 50 nyuma, mwendo huo unashuka hadi 32, lakini nguvu inayofika kwenye tairi inaongezeka kwa karibu asilimia 14. Kwa mtu wa Iringa ningeifunga kesho. Meno 36, ambayo vijana hupenda, yatakupeleka kilomita 45 kwenye tambarare na yatakuaibisha kwenye kila kilima. Na ujue kwamba kimo peke yake kimeshakula karibu sehemu moja ya sita ya nguvu ya injini. Hiyo haitengenezeki, ni hewa.

Hedi ya kubana zaidi nayo ina hatari ambayo kwako ni ya pekee, kwa sababu unahama. Iringa hewa nyepesi inasamehe, hedi iliyochongwa sana itafanya kazi vizuri tu. Ukiteremka Morogoro, karibu mita 1,000 chini, silinda inajazwa hewa nzito zaidi, mgandamizo unapanda na injini inaanza kugonga. Kabla ya kumruhusu mtu achonge chochote, pima nafasi iliyopo. Ingiza waya laini wa risasi kupitia tundu la plagi ufike ukingoni mwa silinda, upande ulikoelekea pini ya pistoni, zungusha injini kwa mkono ipite juu, kisha pima unene wa waya uliobanwa kwa kalipa. Nyingi hutoka kiwandani na milimita 1.5 au zaidi. Ukiifikisha karibu na 1.0 kwa kubadilisha unene wa gasketi, umepata nguvu ya bure na moto unaowaka sawasawa. Chini ya 0.8 sikushauri.

Kazi ya hedi inayokuhusu leo ni nyingine. Nati nne za juu zinazokuja na injini ni zile zenye kofia. Bolti ikiwa ndefu kidogo nati inagota kwenye kofia yake kabla haijabana hedi, wewe unadhani umekaza. Toa, weka nati wazi zenye ukingo mpana. Laza msasa laini juu ya kioo, sugua uso wa hedi kwa kuzungusha mpaka ung'ae sawasawa pande zote. Rudisha na gasketi mpya, kaza kwa kukingamanisha, kidogokidogo kwa awamu, hadi Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 15 au 16 kwa bolti za milimita 8. Rudia kukaza injini ikiwa imepoa baada ya safari ya kwanza.

Siku hiyohiyo toa silinda uangalie beringi ndogo ya pini ya pistoni. Ningependa sana uifanye hii. Beringi ya kiwandani ni dhaifu, na ikivunjika vijiti vyake vinasambaa ndani na kuharibu pistoni, silinda na krenki kwa pamoja. Pima kipenyo cha ndani, cha nje na upana kwa kalipa, nunua ya kiwanda kinachoeleweka, na klipu mbili za pini ziwe mpya kila unapozitoa. Wakati silinda iko mkononi, linganisha gasketi ya kuingizia na ile ya eksozi na matundu yake. Mara nyingi gasketi inaziba sehemu ya tundu. Ikate ilingane. Hakuna kifaa utakachonunua kwa bei ya wembe kikakupa kitu kama hicho.

Nguvu ikiongezeka, breki ni lazima zifuate. Phoenix yako ina breki za vyuma zilizotengenezwa kwa mwendo wa mtu anayepiga pedeli. Mpira wa breki ukiwa umekakamaa, badilisha kabla ya kugusa kabureta. Sproketi ya nyuma nayo, kama imebanwa kwenye spoki kwa mipira na bolti tisa, ikague kila wiki. Bolti zikilegea spoki zinakatika moja baada ya nyingine mpaka gurudumu linajikunja.

Kuhusu safari yenyewe: usiiendeshe kwenda Morogoro, ipakie kwenye basi au lori. Sisemi hivyo kwa sababu ya malori ya mlima Kitonga, ulio njiani, tu. Injini yako inapata oili kupitia petroli, basi. Ukiteremka mlima mrefu umeachia mkono wa mafuta na klachi imeshika, injini inazungushwa kwa kasi na tairi huku hainywi chochote, yaani inazunguka kavu. Hata mteremko wako wa kila siku wa kwenda Ipogolo, bana klachi uifunge kwa kile kitufe cha kwenye mkono, injini ingurume peke yake, na breki zifanye kazi yake.

Ukishafika Morogoro, kabla hujaendesha hata kilomita moja kwa mafuta yote, teremsha klipu ya sindano kifuo kimoja na urudishe tundu la jeti kwenye kipimo cha hatua iliyotangulia. Kwa hiyo kama una jeti zaidi ya moja usizitupe, ziwekee alama. Kule zikikupa plagi nyeusi, punguza tena taratibu kwa utaratibu uleule. Plagi ikishatulia kwenye kahawia, niandikie rangi uliyoipata, meno uliyofunga nyuma, na kipimo cha ule waya wa risasi. Nikiwa na hivyo vitatu nitakuambia eksozi ya urefu gani uagize.